Mkanda wa chini ya goti kwa mwanamichezo anayekua: unapofaa na unapokomea

Mkanda wa chini ya goti ni kipande chembamba cha kitambaa kizito chenye mto mdogo upande wa mbele na kifungio cha kunata upande wa nyuma, nao hufungwa chini kidogo ya pia ya goti kabla ya mchezaji kuingia uwanjani. Huuzwa kwa watu wa rika zote, lakini tathmini hii naiandika kwa mnunuzi mmoja tu: mzazi au mlezi wa mtoto wa miaka 10 hadi 15 anayekimbia na kuruka sana, ambaye ameanza kulalamikia maumivu kwenye kile kinundu cha mfupa kilicho mbele ya mguu, chini ya goti. Binti yangu hucheza voliboli, ameutumia mkanda huu katika mazoezi na katika mechi, na nimeulinganisha na vifaa vingine ambavyo wauzaji hupenda kuviweka kando yake. Nauona kuwa msaidizi mzuri anayestahili kununuliwa, kwa sababu unaweza kupunguza maumivu wakati wa mchezo. Hata hivyo hauponyi kitu, na mzazi atakayeununua ili mtoto aendelee kuruka kama alivyokuwa akiruka, bila kupunguza mazoezi, atakuwa amenunua njia ya kuyaficha maumivu.

Huwezi kuupima mkanda kwa haki kabla ya kuelewa unakwenda kusaidia nini. Misuli minne mikubwa ya mbele ya paja huungana juu ya goti ikawa kano moja, kano hiyo huishika pia ya goti, na kutoka ncha ya chini ya pia huendelea kano nyingine nene ambayo hujishikiza kwenye nundu iliyo sehemu ya juu ya mfupa wa muundi. Kila mtoto anaponyoosha goti kwa nguvu, iwe anapiga mpira, anaruka au anajizuia asianguke wakati wa kutua, nguvu ya paja zima hupita njia hiyo na kuishia kwenye nundu. Kwa mtu mzima nundu hiyo ni mfupa mgumu, lakini kwa mtoto anayekua bado kuna gegedu linalogeuka kuwa mfupa polepole, na mvutano unaorudiwa kila siku huweza kulisumbua kama kamba ya hema inavyokilegeza kigingi kilichopigwa kwenye udongo tepetepe. Sehemu hiyo huvimba, huuma ikiguswa au mtoto akipiga magoti, na kadiri mwili unavyojaribu kujijenga upya ndivyo nundu inavyozidi kutokeza.

Robert Osgood wa Boston na Carl Schlatter wa Zurich waliieleza hali hii mwaka 1903, kila mmoja kivyake, na ndiyo maana hadi leo madaktari huiita kwa majina yao mawili. Huja hasa katika kipindi ambacho mtoto anarefuka kwa kasi, kipindi ambacho mifupa huwa imetangulia na misuli ya paja bado imekaza, kwa hiyo wasichana huipata mapema kuliko wavulana kwa kuwa nao huanza kurefuka mapema. Michezo yenye kuruka, kukimbia kwa kasi na kusimama ghafla, kama vile mpira wa miguu, mpira wa kikapu, voliboli na mazoezi ya viungo, ndiyo inayowaleta watoto wengi kwa daktari. Kati ya watoto kumi wenye hali hii, wawili au watatu huumwa magoti yote mawili. Mara nyingi daktari huitambua kwa kumsikiliza mtoto na kuigusa nundu, na picha ya eksirei huhitajika pale tu anapotaka kuondoa shaka ya jambo jingine.

Sasa tuuangalie mkanda wenyewe. Wazo lake ni kwamba mto mdogo hukandamiza kano katikati ya pia na nundu, ili sehemu ya mvutano wa paja ipokelewe hapo badala ya kufika yote kwenye nundu. Ushahidi wa kitaalamu kuhusu mikanda hii kwa watoto ni mdogo, na wataalamu wa tiba ya viungo huipendekeza zaidi kwa sababu ni salama, ni rahisi kuijaribu, na mtoto mwenyewe hugundua mapema kama inamfaa au haimfai. Kwa binti yangu ilifaa, tena kwa namna mahususi. Kabla ya kuuvaa alikuwa akiniambia, “Mama, kupanda ngazi si kitu, kushuka ndiko kunakonikamata,” na uwanjani ilikuwa vivyo hivyo, kwamba kuruka kulivumilika lakini kutua kulimfanya akunje uso. Akiwa na mkanda, kutua kwake kulibadilika mbele ya macho yangu, maana aliacha kuulinda mguu wa kulia na kuutupa uzito wote kwenye wa kushoto. Hilo peke yake ni jambo la maana, kwa sababu mtoto anayetua kwa mguu mmoja ili kuukinga mwingine huutwisha ule mzima kazi ya miguu miwili.

Kwa upande mwingine, mkanda haukugusa kabisa maumivu ya baadaye. Jioni baada ya mazoezi mazito goti liliuma kwa kiasi kilekile, awe aliuvaa au hakuuvaa, na asubuhi iliyofuata ugumu wa kuanza kutembea ulitegemea ameruka mara ngapi jana yake wala si alichofunga gotini. Namwomba kila mzazi aliangalie hili kwa mtoto wake kabla ya kutoa hukumu. Kipimo cha mkanda ni wakati wa mchezo, na kipimo cha mazoezi ni asubuhi ya pili yake. Anayevichanganya vipimo hivi viwili ataamini kwamba mtoto amepona kwa kuwa amemaliza mechi bila kuchechemea.

Wengi wanaorudi dukani na malalamiko kwamba mkanda haufanyi kazi huwa wameufunga pasipo pahali pake. Mketishe mtoto kwenye ukingo wa kiti, goti likiwa limekunjwa kidogo na mguu umetulia sakafuni. Tafuta kwa kidole gumba ncha ya chini ya pia ya goti, kisha ushuke taratibu. Utahisi kamba nene, laini kiasi, inayobonyea kidogo, ambayo ndiyo kano, na chini yake utafika kwenye nundu ngumu ambayo mtoto atakuambia mara moja kuwa ndiyo inayouma. Mto wa mkanda hukaa juu ya ile kamba, katikati ya vitu hivyo viwili. Ukikaa juu ya nundu utaongeza maumivu, na ukipanda juu ya pia utazuia goti kukunjika vizuri. Kwa mtoto mdogo nafasi hiyo ni finyu, pengine upana wa vidole viwili tu, na kwa sababu hiyo mkanda mpana uliotengenezwa kwa mtu mzima hauwezi kumfaa hata ukikazwa namna gani.

Ukazaji nao una kiasi chake. Ncha ya kidole iweze kupita chini ya mkanda, mtoto achuchumae mara chache na kuruka mahali alipo, halafu ukazwe au ulegezwe kidogo kwa kumfuata yeye anavyosema. Mguu ukianza ganzi, ngozi chini ya mkanda ikibadilika rangi, au shavu la mguu likijaa, mkanda umebana mno na unapaswa kufunguliwa papo hapo. Hauvaliwi usingizini wala kutwa nzima darasani. Huvaliwa wakati wa kazi ya goti na kuvuliwa kazi inapokwisha.

Kuhusu utengenezaji wake, nimeona aina mbili za mto, moja ikiwa ni neli ngumu iliyofunikwa kitambaa na nyingine silikoni laini iliyobanwa kidogo katikati. Neli ngumu hubonyeza mahali mahususi na mchezaji huihisi mara moja, lakini kwa ngozi ya mtoto huacha alama na wengine huikataa. Silikoni hukaa vizuri zaidi na haihami kwa urahisi, ndiyo ninayoipendekeza kwa wanaoanza. Udhaifu wa aina zote mbili ni jasho. Goti likilowa, mkanda huteremka polepole hadi ukalala juu ya nundu yenyewe, na mtoto aliyezama kwenye mchezo hatambui hadi maumivu yarudi. Ni vyema kuangalia ndani ya mkanda kama kuna mistari ya mpira inayoshika ngozi, na mtoto azoeshwe kuugusa na kuurudisha mahali pake kila mchezo unaposimama. Kifungio cha kunata nacho hukusanya nyuzi za soksi na vumbi la uwanja hadi kikaanza kuachia katikati ya mchezo. Kukisafisha kwa mswaki mkavu hurudisha sehemu kubwa ya nguvu yake. Nyuma ya goti, pale ngozi ilipo nyororo, ukingo usioshonwa vizuri huchubua, kwa hiyo pitisha kidole chako mwenyewe kwenye ukingo wote kabla ya kununua. Mtoto ambaye ngozi yake huwashwa na vitambaa vyenye mpira apewe mkanda wenye bitana ya pamba, au auvae juu ya soksi nyembamba ndefu.

Vifaa vingine naweza kuvisema kwa ufupi, isipokuwa kimoja. Soksi ya goti, ile inayovutwa na kulifunika goti lote, huleta joto na hisia ya kushikiliwa ambayo watoto huipenda wakati wa kupasha misuli, lakini haina mto wa kukandamiza kano na kwa tatizo hili naiweka nyuma ya mkanda. Tepu ya misuli ikibandikwa na mtu anayejua inaweza kutoa nafuu inayokaribiana na ya mkanda, ila hubandikwa upya mara kwa mara na si kila mzazi anaweza. Vifaa vikubwa vyenye vyuma na bawaba pembeni vimetengenezwa kwa ajili ya magoti yaliyoumia mishipi ya ndani, ile inayoshikanisha mfupa na mfupa. Mtoto mwenye maumivu ya nundu hana haja navyo.

Kifaa kinachostahili maneno zaidi ni pedi ya goti yenye sponji nene. Sehemu kubwa ya mateso ya hali hii haitokani na kuruka hata kidogo, inatokana na nundu kugonga kitu: mtoto anapojitupa kuokoa mpira, anapopiga magoti wakati wa mazoezi ya ardhini, anapogongana na mwenzake. Pigo moja la moja kwa moja kwenye nundu iliyovimba humtoa mtoto machozi na linaweza kurudisha nyuma nafuu iliyopatikana kwa subira. Mkanda haulindi chochote hapo, kwa kuwa ni mwembamba na hukaa kwenye kano, nundu ikabaki wazi chini yake. Kwa mchezaji wa voliboli, kwa mlinda mlango, kwa mcheza mieleka au judo, ningenunua pedi kwanza na mkanda baadaye, na vyote viwili vinaweza kuvaliwa pamoja iwapo pedi ina nafasi ya kutosha chini yake. Nashangaa jinsi pedi inavyosahauliwa katika maelezo ya wauzaji, ilhali ndiyo iliyompa binti yangu ujasiri wa kujitupa tena.

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, ikawekwa kwenye nundu kwa dakika 10 hadi 15 baada ya mazoezi, hutuliza maumivu na haina madhara maadamu haigusi ngozi moja kwa moja. Dawa za kutuliza maumivu ni jambo la kuzungumza na daktari au mfamasia, na kuna mawili ambayo hayana mjadala: aspirini haipewi mtoto bila amri ya daktari, na dawa yoyote isitumike kabla ya mechi ili mtoto asisikie goti likilalamika. Sindano za dawa za steroidi kwenye sehemu hiyo hazipendekezwi kwa watoto, na atakayekuahidi mkato wa njia hiyo mwache aende zake.

Nakuja kwenye huduma ambayo bila hiyo mkanda ni pambo, nayo ni ya mtaalamu wa tiba ya viungo anayejua kufanya kazi na watoto. Kwa miaka mingi ushauri wa kawaida ulikuwa ni kupumzika kabisa mpaka maumivu yaishe, na watoto walikaa pembeni kwa miezi, mapaja yao yakalegea, wakarudi uwanjani wakiwa dhaifu kuliko walivyoondoka. Mwelekeo wa sasa ni kupunguza kazi ya goti hadi kiwango linachoweza kubeba, kisha kuliimarisha hatua kwa hatua. Utafiti uliofanywa nchini Denmark na kuchapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia vijana 51 wa miaka 10 hadi 14 katika programu ya wiki 12 ya aina hiyo. Katika wiki za mwanzo walipunguza kukimbia na kuruka, wakafanya mazoezi ya kukaza misuli ya paja bila kulikunja goti na ya kunyanyua kiuno wakiwa wamelala chali. Baadaye wakaingia kwenye kuchuchumaa wakiegemea ukuta na kupiga hatua ndefu za kukunja goti, huku wakirudi michezoni kwa ngazi zilizopangwa. Baada ya wiki 12, asilimia 80 walisema hali yao imekuwa nzuri, na baada ya miezi 12 walifika asilimia 90.

Takwimu hizo zinatia moyo, lakini kuna nyingine katika utafiti huohuo ambayo kila mzazi anapaswa kuijua kabla ya kumlaumu mtaalamu, mtoto au mkanda. Waliorudi kwenye mchezo wao kikamilifu baada ya wiki 12 walikuwa asilimia 16 tu, na hata baada ya mwaka mzima walikuwa asilimia 69. Maana yake ni kwamba mtoto hupata nafuu ya kweli muda mrefu kabla ya kuweza kucheza kwa kiwango chake cha zamani, na kipindi hicho cha katikati ndicho kigumu kuliko vyote, kwa kuwa anajisikia vizuri na haelewi kwa nini bado anazuiwa. Hapo ndipo mkanda unapokuwa hatari zaidi. Ukiondoa ule uchungu mdogo uliokuwa ukimwonya, mtoto hupanda ngazi tatu kwa mpigo na kurudi alikoanzia.

Tuliongozwa na kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, ambacho mtoto hujipimia mwenyewe. Maumivu ya hadi 2 au 3 wakati wa mazoezi yanakubalika, mradi yatulie baada ya mchezo na asubuhi goti liwe kama lilivyokuwa kabla. Yakipanda zaidi ya hapo, au goti likiamka limekaza kuliko jana, mazoezi yanayofuata yanapunguzwa, si kwa kukisia bali kwa kuondoa kitu kinachojulikana: idadi ya miruko, dakika za kukimbia, au siku moja kati ya siku za mazoezi. Mtaalamu alisisitiza kwamba mtoto ajipimie akiwa na mkanda na pia akiwa hana, angalau katika mazoezi mepesi, ili tujue hali halisi ya goti. Sikuwahi kuliona sharti hilo kwenye maelezo ya bidhaa yoyote, na kwangu mimi ndilo sharti la kwanza la matumizi.

Mazoezi yenyewe hayana mapambo. Mtoto hukaa sakafuni amenyoosha mguu na kukaza paja kana kwamba anataka kulisukuma goti chini, hushikilia kwa sekunde chache, hulegeza na kurudia. Hulala chali, hukunja magoti, hunyanyua kiuno. Misuli ya nyuma ya paja na ya shavu la mguu hunyooshwa taratibu. Ile ya mbele ya paja nayo hunyooshwa, lakini kwa uangalifu, kwa sababu kuuvuta kisigino hadi kwenye makalio katika siku za maumivu makali huivuta nundu ileile tunayotaka kuituliza. Mtaalamu wetu aliliweka zoezi hilo kando mpaka uvimbe ulipopungua. Faida kubwa ya kuwa na mtu anayeangalia ni kwamba huona yale ambayo mzazi haoni, kama vile magoti kuingia ndani wakati wa kutua au mtoto kutua na miguu iliyokakamaa bila kukunja nyonga. Kurekebisha namna ya kutua kulimsaidia binti yangu kuliko kitu chochote kinachouzwa kwenye boksi.

Kocha naye lazima awe ndani ya mpango. Mtoto hawezi kumwambia kocha kwamba leo ataruka nusu ya wenzake. Anaogopa kupoteza nafasi, anaogopa kuonekana mvivu, na wengi husema hawaumwi huku wamekunja meno. Mzazi ndiye wa kulibeba neno hilo. “Kocha, aendelee kuja, aendelee kupokea na kupiga pasi, ila miruko tuihesabu,” ndiyo kauli iliyotufungulia mlango, kwa kuwa ilimpa kocha kitu cha kufanya badala ya kumnyang’anya mchezaji. Mtoto anayecheza kwenye timu mbili, ya shule na ya klabu, anahitaji makocha hao wawili wajue jumla ya kazi ya wiki, la sivyo kila mmoja atadhani ametoa mzigo mdogo.

Kuna watoto ambao hawapaswi kununuliwa mkanda hadi waonwe na daktari. Maumivu yanayomwamsha usingizini katika goti moja, homa, kupungua uzito, uvimbe wa goti zima, goti linalonasa lisiweze kukunjuka, au kuchechemea kusikoisha hata siku za mapumziko, vyote hivyo si tabia ya hali hii. Mtoto aliyesikia mlio ghafla wakati wa kuruka na kushindwa kuunyoosha mguu au kuukanyagia anaweza kuwa amevunjika kipande cha nundu, naye apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Jambo linalosahaulika mara nyingi ni nyonga. Mfupa wa paja unaweza kuteleza kwenye eneo lake la kukua karibu na nyonga, na mtoto akalalamikia goti peke yake; ukiona mguu wake umegeukia nje anapotembea, au nyonga haigeuki kuelekea ndani kama ya upande wa pili, usimfunge kitu chochote gotini, asiukanyagie mguu huo, apelekwe kwa daktari bila kuchelewa. Iwapo maumivu yako kwenye ncha ya chini ya pia ya goti badala ya kwenye nundu, mkanda unaweza kukandamiza palepale panapouma, hivyo aujaribu mbele ya mtaalamu.

Kwa kazi yake halisi, yaani kumpunguzia maumivu mtoto aliyekwisha kutambuliwa tatizo lake, anayefanya mazoezi ya kuimarisha paja na ambaye miruko yake inahesabiwa, mkanda wa silikoni wa saizi ya mtoto naupa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano inapotea kwa sababu ya kuteremka kwenye jasho, na pia kwa sababu ya maandishi ya baadhi ya maboksi yanayodai kuponya au kuzuia tatizo, madai ambayo hakuna mkanda unaoweza kuyatimiza. Hali hii hukoma mara nyingi pale gegedu la nundu linapomaliza kugeuka mfupa, na nundu yenyewe huweza kubaki imetokeza maisha yote bila kuuma. Mtoto aelezwe hilo mapema asije akadhani uvimbe uliobaki ni ishara ya ugonjwa.

Wakati wa kununua, pima mzunguko wa mguu chini tu ya pia ya goti mtoto akiwa amesimama, na uchague saizi ambayo kipimo chake kiko katikati badala ya mwishoni, kwa kuwa mguu unaorefuka pia hunenepa na kipimo kinapaswa kurudiwa kila anapobadilisha viatu. Mkanda uoshwe kwa mkono na sabuni laini, uanikwe kivulini, kifungio kikiwa kimefungwa. Kwa mtoto anayeumwa magoti yote mawili, anza na mkanda mmoja kwenye goti linalouma zaidi; ukimfaa ndipo ununue wa pili, tena wa aina ileile, ili ukandamizaji ulingane kwa miguu yote miwili.